Nilivyomsemea Babu Mskoti

Watoto wa Ujiji tulikuwa na tishio moja lililoshinda fimbo: nitakusemea. Nitakusemea kwa mama, nitakusemea kwa ustadhi. Mtoto aliyejulikana kwa kusemea wenzake hakuchezeshwa kitu, alikaa kibarazani akitazama. Mimi sikuwa mtoto wa aina hiyo, nataka mjue. Utoto wangu wote sikumsemea mtu. Nilingoja niote ndevu, nipate barua ya ajira na ufunguo wa stoo, ndipo nikamsemea mzee wa watu aliyemzidi baba yangu umri. Mpaka leo nikikaa peke yangu nikalikumbuka jambo lile najikuta nasema kwa sauti, "Mshenzi we," na mke wangu anauliza natukana nani.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilishusha watu Kibirizi kutoka Kongo, Warundi waliingia kwa miguu na magodoro kichwani, na pale mjini Kigoma kila nyumba yenye bati zuri ilikuwa imepangishwa na shirika. Vijana tuliomaliza kidato cha nne na Kiingereza cha kuombea maji tulipata kazi ambazo baba zetu hawakuziota. Mimi nilipata utunzaji stoo katika shirika lililokuwa likipeleka maji kambini. Mabomba, koki, viungo, saruji, vyote vilipita mkononi mwangu na kuandikwa kwenye kadi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na niliringa nao kupita kiasi. Ndio ulioniponza, au tuseme kweli, ndio uliomponza mwenzangu.

Mkuu wetu alikuwa mhandisi mzee, mvi tupu, magoti mabovu, analala chumba cha nyuma ya ofisi. Sote tulimwita Babu, na kambini nao wakamwita Babu. Tulidhani ni Mwingereza mpaka siku dereva wetu alipomtambulisha hivyo mbele ya wageni. Babu akawa mwekundu kama nyanya. "Mimi Mskoti!" akasema, akipiga meza. Njia nzima ya kurudi akatueleza. Kwao ni mji wa wavuvi, pembe ya kaskazini-mashariki ya Uskoti. Mama yake alikuwa akipasua samaki gatini kwa kisu kutwa nzima, na nyumbani walisema Kiskoti. Kiingereza alikikuta shuleni, na mwalimu alimchapa viganja kwa mkanda wa ngozi kila alipoteleza akatoa neno la mama yake.

Sasa, pale ofisini dereva alikuwa Mnyamwezi wa Tabora na mlinzi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe. Anayejua utani wa makabila hayo mawili ameshaelewa. Kila asubuhi geti likifunguliwa ilikuwa vita.

"Wewe Mzaramo, umeamka au umelala na macho wazi?"

"Nimeamka kulinda geti lisibebwe, mpagazi wee. Nyie mkiona kitu kizito kichwa kinawawasha."

Wiki ya kwanza Babu alitoka mbio na mswaki mdomoni kuja kuwaamua. Alijitia katikati yao, mikono ameitanua, povu la dawa ya meno linamdondoka kifuani. Sisi tulikuwa hoi kwa kucheka. Tukamweleza: hawa ni watani, wana ruhusa tangu enzi za mababu, na neno la utani halina kesi. Hulipeleki kwa mwenyekiti, hulipeleki polisi, hulipeleki popote. Babu alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa saruji. Kisha akauliza, "Na mimi je? Mtani wangu nani?" Mlinzi akamjibu, "Wewe si babu? Babu ni mtani wa wajukuu wote." Basi bwana, tukawa tumejitakia wenyewe.

Alianza kutugawia maneno ya kwao. Si matusi ya nguoni, hapana, yalikuwa maneno ya kumchokoza mtu unayempenda. Dereva alipewa "glaikit", yaani mtu aliyeduwaa, macho yako wazi lakini ndani hakuna mtu, kwa sababu aliwahi kuipita njia panda ya Mwandiga akiwa katikati ya soga zake. Mlinzi alipewa "thrawn", mbishi, kitu kilichopinda kikakataa kunyooshwa. Mimi nilipewa "bauchle". Hicho ni kiatu kikuukuu kilichokanyagwa kisigino, na pia ni mtu anayejikokota, maana mimi nilishinda stoo na ndala nikiburuza miguu. Sisi nasi tukamwita Gofu, jumba kuukuu lililobaki kuta. Alilipenda jina lile. Akiniandikia kikaratasi cha kuomba koki tatu, chini anatia sahihi: Gofu.

Siku moja aliangalia kadi zangu za stoo, akaniuliza kama naweza kumwandikia maneno hayo, kwa kuwa mkono wake ulikuwa unatetemeka na mwandiko wake hata yeye haukumtii. Nilichukua kaunta buku mpya, nikaivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Kila mchana baada ya ugali na migebuka ya ziwani alikuja stoo, akakaa juu ya marobota ya mabomba, akanisomea imla. Nilipiga safu kwa rula: neno, namna za kuliandika, maana kwa Kiingereza, wapi hutamkwa vipi. Safu ya mwisho niliibuni mimi mwenyewe kwa kujipendekeza, nikaiita "aliyepewa".

Alikuwa mkali kuliko mwalimu wa Kurani. Vumbi ni "stour", wengine huandika "stoor", na lazima uvute "stuur" au haandikishi lingine. "Thrawn" kwao ni "thraan", kusini ni "throon". Sehemu nyingine za Uskoti mtu akitaka kusema "nini" husema "whit", kwao husema "fit", wanaanza na f pale wenzao wanapoanza na w, na nchi nzima huwacheka kwa hilo. Msichana kwao ni "quine", ukienda magharibi hawakuelewi. Siku ya mawingu na manyunyu yasiyokatika ni "dreich", na mwisho wake si k, ni kh. Dereva alijaribu mara kumi, ikatoka k. Mimi mtoto wa madrasa niliitoa mara ya kwanza, safi, kutoka kooni. Babu aliruka, magoti mabovu yote yale. Alinishika mabega akasema toka aondoke kwao hajasikia mgeni akilisema vile. Siku hiyo nilitembea nimevimba kichwa.

Kwa hiyo msidhani lilikuwa daftari la matusi. Matusi ya utani yalichukua kurasa nne, labda tano. Zilizobaki zilikuwa za mvua za kwao, aina za mawimbi, ukungu baridi unaoingia kutoka baharini ambao wanauita "haar", vikapu vya samaki, visu vya mama yake. Mengine alikaa muda mrefu kabla hajayasema, akiangalia sakafu. Aliwahi kuniambia kwamba hana mtu tena wa kusema naye maneno hayo, mke wake amekufa na dada zake wamekufa. Mimi niliandika tu.

Kulikuwa na jambo moja alilolitaka duniani, na sote tulilijua. Kambini, vitongoji vya juu mlimani havikuwa na maji. Akina mama walishuka bondeni na ndoo, wakapanda nazo, wengine wana mimba. Babu aliwahi kusimama mbele yao akawaambia kwa Kiswahili chake, "Mimi siondoki mpaka mama wewe unafungua koki hapa." Wakapiga vigelegele. Mtaro ulikuwa umeshachimbwa zaidi ya nusu na mabomba yalikuwa yamejaa stoo kwangu. Lakini mkataba wake ulikuwa unakwisha, na kwa umri wake hakuna aliyekuwa tayari kumwajiri tena popote. Alikuwa ameandika kuomba aongezewe muda wa kumaliza ile kazi, basi. Makao makuu ng'ambo walijibu kwamba watamtuma mtu aje aone.

Katikati ya kungoja huko ndipo nikaposa.

Binti alikuwa wa Mwandiga, baba yake mfanyabiashara wa mawese kando ya barabara. Mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimewaambia kwamba ni afisa. Nilisema wazi kabisa kuwa nikitoka mimi ofisini ni Babu, na akitoka Babu ni mimi. Babu zangu wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na baba yangu akaona ni jambo zuri Mzee wa kazini aje akae upande wetu kama babu. Alipoombwa alifurahi kama anayeoa ni yeye. Mlinzi akamwazima kanzu iliyomfika katikati ya miundi, akamfunza yote: babu wa mwanamume hamsifu mjukuu wake, humponda, na hujidai anamtaka bibi harusi mwenyewe.

Na kweli alifunzika. Wazee walipomaliza maneno yao mazito, Babu akakohoa, akainua kidole. "Huyu msimpe. Mpeni mimi huyo binti. Huyu ni bauchle! Kazi yake kuhesabu koki zangu stoo, na anakosea."

Wakauliza bauchle ni nini. Dereva aliyetuleta, mdomo wake haujui breki, akadakia, "Ndala iliyokatika!"

Jamani, nyumba ilianguka kwa vicheko. Baba mkwe alifuta machozi kwa ncha ya shuka. Wanawake uani walipiga vigelegele vya kucheka. "Kumbe afisa mhesabu koki!" mjomba mmoja akasema, na wakaanza upya. Posa ilikubaliwa palepale, na nadhani ilikubaliwa kwa ajili ya yule mzee zaidi kuliko mimi. Kila mtu aliondoka pale na furaha isipokuwa bwana harusi. Nilitabasamu mpaka taya zikauma.

Jina likanata. Nikipita Mwandiga, shemeji zangu wadogo: "Ndala huyoo!" Baba mkwe naye: "Karibu, Ndala." Sasa hivi najua kwamba lilikuwa jina la kupokewa. Mtu usiyemtaka nyumbani kwako humpi jina. Wakati ule nililala na kuamka na uwongo wangu ulioanikwa hadharani, na badala ya kujikasirikia mimi mwongo, nikamkasirikia yeye. Mchana alipokuja stoo nilimwambia nina kazi nyingi. Alikaa kidogo juu ya mabomba, akaniangalia, akaondoka. Hakujua kosa lake na mimi sikumwambia.

Haikupita wiki mbili mgeni akafika. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anasikiliza huku ameinamisha kichwa. Sitaki kumsema vibaya. Miaka ile kulikuwa na wakubwa wa mashirika waliowarushia watu funguo usoni, na kama mtu ametumwa kuuliza wafanyakazi wanatendewaje, alifanya vyema kuuliza. Alituita mmoja mmoja, Babu akiwa kambini na mafundi.

Dereva aliingia wa kwanza, akatoka anacheka. "Kaniuliza kama Babu anatukana. Nimemwambia sana! Kila siku! Na sisi tunamtukana!" Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani na alikuwa amekitoa chote. Mlinzi naye akasema hivyohivyo. Nilipoingia mimi nilimkuta yule mama ameweka kalamu chini.

"Wenzako wananichanganya," akasema. "Wanasema anawatukana, halafu wanacheka. Wewe Kiingereza chako ni kizuri. Nieleze."

Hapo ndipo penye kosa langu. Watu husema waliponzwa na shetani, au na haraka, au hawakuelewa. Mimi nilielewa. Dakika tano zingetosha: mama, kuna kitu kinaitwa utani, hata babu na mjukuu wana utani, na mzee huyu tumempa heshima hiyo wenyewe. Maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, kwa Kiingereza safi nilichokiokota kwa Babu mwenyewe, na nilijua kwamba mkataba wa Babu umekaa juu ya ulimi wangu. Nikamwambia, "Nimeyaandika yote," nikaenda stoo nikaleta daftari.

Alifungua kurasa zile nne au tano. Zilikuwa zinang'aa kwa usafi. Neno, maana yake mpumbavu, aliyepewa dereva. Neno, maana yake mbishi, aliyepewa mlinzi. Neno, maana yake kiatu kibovu, aliyepewa mtunza stoo. Alisoma polepole, uso wake ukibadilika. Akasema, "Unaweka kumbukumbu vizuri sana." Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Pale pale, mzee wa watu ananing'inia, nilifurahi kwamba mwandiko wangu umesifiwa.

"Maneno haya yanakuumiza?" akaniuliza.

Nikawaona watoto wa Mwandiga wanapiga kelele nyuma yangu. Nikasema ndiyo.

"Na wenzako? Mbona wanacheka?"

Nikasema, "Wanacheka kwa sababu wanaogopa kufukuzwa kazi."

Hilo ndilo neno langu mimi. Halikuandikwa kwenye daftari, hakunisomea mtu imla, nilitunga mwenyewe nikiwa na akili zangu. Yule mama aliniwekea mkono juu ya mkono wangu, akaniambia nimekuwa jasiri.

Kesho yake alituita sote isipokuwa Babu. Alishika daftari kwapani. Alituambia kwamba mmoja wetu amekuwa na ujasiri wa kusema, na kwamba kuanzia sasa hakuna haja ya kumwogopa mtu. Mlinzi aliliangalia lile jalada la mfuko wa saruji, kisha akaniangalia mimi. Dereva alisimama, jasho linamtoka, akajaribu. "Mama, hii ni utani. Mama, huyu mzee rafiki. Babu! Babu yetu!" Alitafuta maneno ya Kiingereza hewani kwa mikono yote miwili. Yule mama akamjibu kwa upole kabisa kwamba hahitaji tena kumtetea. Kila walichosema wale wawili kikawa ushahidi wa uoga wao, na uoga huo niliwavisha mimi. Walikaa chini. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu.

Mkataba haukuongezwa. Alipewa siku nne.

Siku ya tatu alikuja stoo kunikabidhi. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake. Tulipitia kadi moja moja, bomba za inchi mbili, viungo, koki, valvu kubwa ya tangi la juu. Alinionyesha kwenye ramani pale ambapo mtaro ungekutana na mwamba, akasema fundi atakayekuja aambiwe azunguke kushoto, asipasue. Akanifanya nirudie. Nikarudia. Mwanamume mzima nilisimama na ndala zangu, nangoja anitukane, anipige kofi, lolote.

Alipotia sahihi ukurasa wa mwisho aliandika jina lake kamili, lile la kwenye pasipoti. Kisha akaniuliza, "Lile daftari. Uliwapa lote?"

"Lote, Babu."

"Na zile za bahari?"

"Zote."

Alitikisa kichwa kidogo, akaangalia sakafu kama alivyozoea. Kurasa zile hazikuwa na nakala. Yule mama alishaondoka nazo kwenye mkoba wake, ushahidi, na sidhani kama kuna mtu aliyezifungua tena. Nilitaka kusema nisamehe. Neno ni dogo, watoto wa chekechea wanalisema mara kumi kwa siku. Nikasema, "Nikutafutie gari la mizigo, Babu?" Akasema dereva ameshapanga.

Sikwenda stesheni kumsindikiza. Nilijifungia stoo nikahesabu koki, na nilizihesabu mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza nilikosea. Filimbi ya treni ilisikika mpaka pale.

Fundi mwingine alichukua miezi kufika, na alipofika alianza na vyoo. Mtaro wa mlimani ulijaa matope masika yale, watoto wakacheza humo. Nilikuwa napanda kambini na lori la vifaa, na akina mama wa vitongoji vya juu walikuwa wanateremka na ndoo kama zamani. Mmoja wao, Mrundi, mjamzito, alinisimamisha. "Amahoro," akasema. "Babu yuko wapi?" Nikamwambia amerudi kwao, amechoka. Akaweka ndoo chini. "Akatuacha bila kutuaga?" Alisema kwa unyonge, si kwa hasira, na mimi nikamwacha aamini hivyo. Kumbe nilikuwa bado sijamaliza kumsemea.

Nilioa. Baba mkwe kila Idi aliniuliza, "Ndala, yule babu yako haandiki?" Nikasema anaandika, anawasalimu. Mzee wa watu akafurahi, akaniambia nimpelekee salamu na nimwambie binti bado anamngoja. Amekufa akiamini salamu zinafika. Mke wangu nilimweleza ukweli miaka mingi baadaye, tukiwa na watoto watatu. Alikwenda kusonga ugali, akausonga muda mrefu mno.

Na wale wenzangu wawili? Hawakunigombeza hata siku moja. Ningependa waseme kitu. Nilipopita getini mlinzi alisimama wima: "Habari za asubuhi, bwana mtunza stoo." Dereva alinifungulia mlango wa gari. Wao kwa wao waliendelea kuvuana nguo kwa maneno mpaka mtaa mzima unacheka, na nikikaribia wananyamaza, wanasogea, wananipisha nafasi kwenye benchi. Nilikula chakula cha mchana peke yangu mpaka shirika lilipofunga.

Mlinzi alifariki hapahapa Kigoma, alikuwa ameshaoa na kujenga. Mazishini dereva alifanya utani wote wa makabila yao. Alikaa chini katikati ya njia, mbele ya jeneza, akagoma watu wasipite. "Mzaramo huyu haendi popote! Jana kanitukana, sijamjibu!" Watu walicheka machozi yakiwatoka, wajane nao wakacheka, na yeye mwenyewe alikuwa analia waziwazi, kamasi zimejaa kwenye ndevu nyeupe. Ilibidi wamwinue kwa mabega. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, na nilitamani kile kitu kuliko nilivyowahi kutamani chochote.

Watu walipotawanyika nilimfuata. Nilimkuta ananawa udongo kwenye ndoo. Nilikuwa mzee na mimi, mvi zimeanza, sikuwa na haya iliyobaki ya kuficha. Nikamwambia, "Kaka, nitukane na mimi. Neno moja tu. Lolote."

Alijifuta mikono taratibu kwenye suruali, akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ameushika kwenye kiwiko, kama unavyompa mkubwa au mgeni.

"Hapana, bwana," akasema. "Mimi na wewe tunaheshimiana."